Mkanda wa Kiti Kitupu

Jua lilikuwa linazama nilipotoka uani na mwanangu kifuani, joto lake likipenya nguo zangu. Degedege lilikuwa limeshamshika mara moja. Hospitali mbali, baba yake safarini, na gari limegoma.

Mchana, fundi wa magari, jirani yetu, alilipima kwa skana, kile kifaa cha kusomea hitilafu za gari, akafuta hitilafu moja. Tangu hapo halikuwaka.

Nilipomwita alikuja mbio, bado anatafuna. Alivua koti akamfunika mtoto kabla hata ya kugusa gari.

"Tutafika, shemeji. Usilie."

Akachomeka skana chini ya usukani, akacheka kidogo.

"Imelewa hii. Inasema kiti cha abiria kina mtu."

Kiti kilikuwa kitupu. Mkanda ulining'inia.

"Mume wangu huufunga ule," nikasema. "Hata kama hakuna mtu."

"Niliufungua mimi nipate kupima. Wengi hufunga hivyo kunyamazisha kelele za onyo la mkanda."

Akahamia kiti kile, akainama kutafuta waya. Nikampigia mume wangu, nikamweleza.

"Kaufungua nani?" Sauti yake ilikauka. "Mwambie atoke. Aliyeniuzia gari alinikataza kuufungua, nikadhani mzaha..."

Harufu ya nywele zinazoungua.

Mlango wa fundi ukajibamiza.

Mkanda ukamzunguka shingo, ukamvuta nyuma, kisha ukamtupa mbele. Uso ukagonga dashibodi. Ukamvuta tena. Ukamgonga tena. Nilisikia mfupa. Meno yake yakadondoka kwenye zulia, damu ikarukia kioo.

Tena.

Tena...

Mwanangu akakakamaa mikononi mwangu, macho yamegeuka.

Nikafungua mlango wa dereva. Fundi aliniona. Akanyoosha mkono, nikadhani anaomba msaada. Kumbe ananisukuma. Ananitoa nje, mimi na mtoto, huku mwenyewe anakabwa.

Nikajisukuma hadi kwenye kiti cha dereva, nikamlaza mtoto mapajani. Nikaushika ule mkanda kwa mikono miwili. Ulikuwa wa moto, unadunda kama mshipa. Uliichana ngozi ya viganja vyangu. Nikauvuta hadi chini, fundi akiwa ndani yake, nikaukandamiza kwenye kifungio.

Kliki.

Kimya.

Nikageuza ufunguo. Gari likawaka.

Sijui niliendeshaje. Najua fundi alikoroma damu njia nzima, na vidole vyake vilishika ukingo wa koti mtoto asifunuke.

Hospitali, muuguzi mmoja alimpokea mwanangu. Wengine wakamkimbilia fundi.

"Msiufungue huo mkanda," nikawaambia. "Mtoeni hivyo hivyo."

Nani angemsikiliza mwanamke aliyejaa damu? Wakaukata kwa mkasi.

Kwenye dashibodi, taa inayoonyesha kuna mtu kwenye kiti cha abiria ikazimika. Tangu tununue gari lile, sikuwahi kuiona imezimika.

Mwanangu alipona. Siku hizi anakimbiza kuku. Fundi naye aliishi. Taya lilipona likiwa limepinda, na kila akipita humletea mtoto kigurudumu cha kuchezea. Gari letu halisumbui tena. Mume wangu hufunga mkanda wake tu.

Juzi mke wa fundi alikuja kuazima sufuria. Akakaa, hakuondoka.

"Dada," akanong'ona, "ule mkanda waliomtoa nao shingoni, mume wangu aliuchukua. Kaupigilia kitandani. Kila jioni anaufunga."

"Anajifunga asianguke?"

Akatikisa kichwa.

"Yeye analala pembeni. Anaufunga upande wangu, pasipo na mtu. Mimi na watoto siku hizi tunalala sakafuni."

Akalitazama gari letu kupitia mlangoni.

"Jana alisahau," akasema, akashusha kitambaa kilichofunika shingo yake.