Njiwa wa Twalibu

Twalibu wa mtaa wa Buyenzi alikuwa na kalamu, chupa ya wino na sifa nyingi za kujipa. Alichora ndege kwenye foronya, kisha mkewe Houda akazidarizi kwa uzi wa rangi. Kila mgeni alionyeshwa mchoro kabla ya kupewa chai.

"Angalia njiwa wangu!"

"Mashallah, njiwa mzuri!" Mgeni angesema nini, na chai bado iko jikoni?

Siku moja Mama Consolate wa Musaga alirudisha foronya ya harusi ya binti yake.

"Twalibu, mi niliomba njiwa wawili wanapendana. Hawa ni kuku wanapigania mahindi."

Houda akaficha mdomo kwa kitenge.

Wino ule hautoki kwa sabuni. Na wakati ule wa vita na ambargo, nchi imefungiwa biashara, kitambaa cheupe kilikuwa shida kupata. Consolate alibakiwa na foronya moja tu isiyochorwa.

"Harusi ni mwisho wa mwezi. Ukiharibu na hii, kazi yangu yote naipeleka kwa mwingine."

Twalibu akakimbilia kwa jirani, Madamu Adélaïde, mwalimu wa kuchora.

"Madamu, angalia njiwa—"

"Nyamaza! Ukishaniambia, macho yangu yanashikwa na adabu." Akageuza kitambaa huku na huku. "We uliangalia njiwa lini?"

"Kila mutu anajua njiwa."

"Sijauliza kila mutu."

Akamweleza. "Shona daftari kwa karatasi za kalenda za zamani, upande mweupe. Chora kila siku, ndege akiwa mbele yako. Anza na umbo kubwa: mwili kama yai, kichwa, mkia. Manyoya ni mwisho. Vuta mstari kwa mkono mzima, usikwaruze kama unajikuna. Ukikosea, usichane. Muonyeshe mutu, usimwambie ni kitu gani. Muulize anaona nini, na wapi umekosea. Kosa hilo ulitengeneze ukurasa unaofuata."

Vita viliwarudisha watu nyumbani mapema. Kabla jua halijazama, Twalibu alikuwa uani, akitazama njiwa wa jirani.

"Houda, unaona nini?"

"Kiatu."

Akafungua ukurasa mwingine.

"Na hapa?"

"Kiatu chenye mdomo."

"Wapi nimekosea?"

"Shingo iko wapi, bwana wangu? Kichwa umekiweka kama kifuniko cha birika."

Akachora shingo tupu, ukurasa mzima. Kesho yake Houda akaikosoa miguu, keshokutwa mkia. Kazi hiyo aliipenda mno. Alikuwa na maoni ya tangu walipooana.

Jioni moja Houda aliutazama ukurasa.

"Njiwa. Na huyu amekasirika."

"Ndiyo! Nilimunyima mchele!"

Hapo ndipo Twalibu alipoigusa foronya ya Consolate. Mama huyo alipokuja, hakuambiwa kitu. Aliitazama mpaka macho yakamlowa.

"Njiwa wangu hawa! Wanasalimiana kabisa. Houda, toa uzi, tuanze."

"Ngoja, Mama," Twalibu akasema, daftari mkononi. "Wapi nimekosea?"

"Apana, ni nzuri."

"Houda, usimpe chai kwanza. Mama, sema kweli."

Consolate akaliangalia birika, akavuta pumzi.

"Basi, huyu bwana harusi amenenepa tumbo."

Twalibu akafungua ukurasa mpya.