Gunia la Unga Zizini

Asubuhi Moliehi alisonga ugali, akamtengea Mzee Seutloali, baba wa mumewe. Mumewe alikuwa mbali, migodini. Kisha akasimama nje ya ukuta wa zizi. Ndani hakuingia. Kwao, mke wa mwana haingii zizi la baba mkwe.

Mzee alimlaza mbuzi juu ya gunia la plastiki la unga, akaanza kumkata manyoya marefu.

"Baba, gunia linachanika," alisema Moliehi.

"Angalia sufuria yako. Mbuzi nawajua tangu mama yako hajazaliwa."

Mwaka jana manyoya yao yalikataliwa. Yakikataliwa tena, itabidi wauze mbuzi wenyewe. Na milima ile haina kitu kingine cha kuuza.

Mzee alipomaliza nusu ya kundi, wakapakia punda, wakateremka hadi kwenye banda la manyoya. Mama Nthatisi, mchambuzi wa manyoya, akayamwaga mezani. Akachomoa uzi mweupe. Akachomoa mwingine.

"Mzee wangu, mbuzi wako siku hizi wanaota plastiki?"

Watu wakacheka. Mzee akavuta blanketi lake mabegani.

"Kauzi kadogo hako kana neno gani?"

"Kana neno kubwa. Kiwandani manyoya yakitiwa rangi, plastiki haishiki. Kitambaa kinatoka na michirizi, kinatupwa. Ndiyo maana mnunuzi anayakimbia."

"Lakini chini zizini ni samadi tupu, ndiyo maana natandika gunia."

"Basi usikatie zizini. Katia kwenye sakafu ngumu iliyofagiwa. Wala usifunge kwa kamba ya plastiki. Haya rudini nayo, mtoe nyuzi zote, moja moja."

Mzee akayapakia tena juu ya punda. Karibu na nyumbani akanung'unika, "Sakafu ngumu. Kwetu iko wapi?"

"Uani kwangu, baba. Nimekandika udongo juzi, mgumu kama sahani. Mimi zizini siingii, basi mbuzi waje kwangu."

"Mbuzi uani kwa mkwe? Majirani watasema nini?"

"Watasema manyoya ya baba ni safi."

Mzee akacheka mpaka punda akageuka.

Moliehi alifagia. Mzee akakata nusu ya kundi iliyobaki. Jioni wote wawili walichambua manyoya yale ya kwanza, uzi kwa uzi. Waliporudi bandani, Mama Nthatisi alipekua, akapekua tena, kisha akayaweka kwenye fungu la manyoya bora.

Hakuna mbuzi aliyeuzwa. Baadaye jirani akaja kumuuliza mzee, "Ule ua unakandikwaje?"

"Muulize mkwe wangu," alisema Mzee Seutloali. "Mimi najua mbuzi tu."