Foku Iliyookotwa Korongoni

"Baba, mbona ina joto?" Kidege aliuliza, akaondoa mikono haraka kwenye foku.

"Jua hilo," baba yake alijibu. Lakini jua lilikuwa bado halijafika karakanani, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Fundi huyu alikuwa na mwiko mmoja: haungi baiskeli kabla ya kuikagua foku, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, ikiwa peke yake, haina tairi wala usukani. "Ukishaunga," alikuwa akisema, "kelele zote zinakuwa ndugu, hujui tena anayelia ni nani." Watu walimcheka wakimwita Daktari wa Vyuma. Wacha wacheke, yeye na ukaidi wake, damdam.

Safari hii alikuwa na sababu ya kukagua mara mbili. Baiskeli ilikuwa ya Kidege, bintiye, aliyevunjika mguu mwaka uliopita akiteremka mlimani. Mguu ulipona, ila hamu ya mlima haikupungua hata chembe. Mama yake alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti: mtoto asiguse kitu mpaka kila kitu kithibitishwe. Foku yenyewe, ile ya shokapu mbili zinazobonyea, aliileta shemeji yake Fundi. Aliikuta korongoni, imelala juu ya majani makavu, inang'aa kama iliyofutwa asubuhi hiyo. Jamani, kitu kama hicho mtu mwenye akili zake hujiuliza mwenye mali yuko wapi. Shemeji hakujiuliza. Aliitia begani akaja nayo akipiga mluzi.

Fundi aliibana miguu ya foku kwenye jiriwa ya mezani. Akapitisha ukucha kwenye mabomba, hakuna mkwaruzo. Sili za kuzuia mafuta hazivuji. Akateremsha chini kile kipete cha mpira ambacho husukumwa juu foku inapobonyea, kisha hubaki hapo kuonyesha imezama kiasi gani. Akaiegemea kwa kifua. Ikazama, ikarudi taratibu, fyuuu. Safi kabisa. Kilichobaki ni kupima uzito wa mpandaji, na hapo ndipo alipomwita Kidege kwa kunong'ona, "Egemea kidogo tu. Mama yako asijue." Akaweka alama ya kalamu pale kipete kilipoishia, akakiteremsha tena, na Kidege akaenda zake dukani.

Fundi aligeuka kuchukua spana. Aliporudisha macho, kipete kilikuwa kwenye alama.

Akakiteremsha. "Mke wangu, umeingia humu?"

"Niingie kutafuta nini? Naanika nguo," mkewe alijibu kutoka uani.

Basi Fundi akavuta kigoda, akakaa mbele ya ile foku, na kimya cha mchana wa jua la utosi kikaijaza karakana mpaka akawa anasikia maji yakidondoka kutoka kwenye nguo za uani, kisha hata hayo hakuyasikia, kwa sababu foku ilianza kuzama yenyewe, polepole, kama mtu mchovu anayeketi, huku harufu ya majani yaliyooza na jasho la mnyama ikipanda kutoka sakafuni, nayo ikazama mpaka kwenye alama ya Kidege, haikupita wala haikupungua, ikapumua, fyuuu, ikainuka, ikazama tena mpaka palepale, na tena, na tena, kama mwanafunzi anayekariri somo asilisahau. Fundi alirudi nyuma, kigoda kikaanguka. Mke wake ndiye aliyepiga kelele, akiwa mlangoni na kapu la nguo.

Mganga aliletwa kabla ya jioni. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, asiyependa maneno mengi. Alifukiza ubani, akaizunguka foku akisoma, na chuma kikatetemeka kwenye jiriwa mpaka meza ikasogea. Kisha pumzi moja ndefu ikatoka, ile harufu ikapita mlangoni, na wote wakaisikia ikipita.

"Aliyekuwemo ametoka kwenye chuma," mganga alisema. "Sasa niambieni. Nani ameiegemea? Huyu hushika uzito wa mtu kama mbwa anavyoshika harufu."

"Mimi," Fundi alisema.

"Na mwingine?"

Mkewe alikuwa akimtazama. Kidege alikuwa nyuma ya mama yake, macho chini. Fundi aliona aibu, akaona ugomvi, akamwona binti yake akikatazwa mlima maisha yake yote, na zaidi ya hayo yote aliogopa yale macho ya mkewe.

"Mimi tu."

"Fikiri vizuri, mwanangu. Nitamfungia mlango kwa mtu niliyetajiwa tu; asiyetajwa atabaki wazi kwake."

"Nimesema mimi tu, mama."

Mganga akamwosha Fundi peke yake kwa maji aliyoyasomea, akamfunga hirizi mkononi, akaenda zake. Shemeji akairudisha foku korongoni, safari hii bila mluzi.

Fundi alinunua foku nyingine. Akaikagua peke yake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ilikuwa baridi, ikibonyezwa inazama, ikiachwa inatulia. Akaunga baiskeli, akakaza kila nati, na siku ya kuijaribu ilipofika Kidege akaikokota hadi juu ya mteremko wa mtaa, akicheka. Fundi na mkewe walisimama mlangoni pa karakana. Mkewe alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Mwangalie kidege wako," alisema.

Kidege alipanda, akaweka mguu mmoja chini, mikono yote miwili kwenye breki.

"Baba, usinisukume!" alipaza sauti bila kugeuka. "Niache, nitaondoka mwenyewe!"

Mkewe akamgeukia Fundi aliyekuwa ubavuni pake, tambara la grisi mkononi. "Anaongea na nani?"

Fundi alikuwa ameshaanza kukimbia akiita jina la mtoto, na baiskeli ilikuwa imeushika mteremko huku Kidege amebana breki zote mbili na hajakanyaga pedali hata mara moja.