Makala Isiyo na Jina

Treni ya Tanga ilipoingia stesheni ya Same, vumbi lilitimka na wauza ndizi wakakimbilia madirishani. Kaanaeli, mwalimu wa shule ya misheni kule Gonja, aligeuka kuchukua bahasha yake benchini. Haikuwapo. Alikuwapo kijana wa kaptula nyeupe iliyonyooshwa pasi, soksi hadi magotini.

"Kaka, umekalia ndiva yangu."

"Bwawa zima, dada? Mbona sijalowa?"

Ndani ya bahasha kulikuwa na makala kuhusu ndiva, mabwawa ambayo koo za Wapare huchimba milimani ili kumwagilia mashamba. Alikuwa akiituma Moshi, kwa jarida la utafiti. Kijana alisoma anwani, akacheka. Aliitwa Fanueli, naye alikuwa mhariri msaidizi wa jarida hilohilo.

Mvua za vuli zilipoanza, walikuwa wachumba. Lakini Fanueli alimwambia, "Kipenzi, tunyamaze kwanza. Makala yako ikishaamuliwa, tutawajulisha watu."

Kaanaeli aliliombea neno hilo, na bado likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwanamume anayemficha mchumba wake, anaficha nini kingine?

Alipokwenda Ugweno kumtembelea shangazi yake, alipitia kwa jirani, Mwalimu Eliezeri. Alimkuta barazani anasoma karatasi zilizopigwa taipu. Kaanaeli alitupa jicho. Yalikuwa maneno yake, neno kwa neno! Juu, pale palipokuwa na jina lake, palikuwa peupe.

"Shikamoo, mwalimu. Hiyo ni ya nani?"

"Marahaba, mwanangu." Mzee alizifunika karatasi kwa kofia. "Haiulizwi. Kaniletea Fanueli wa Moshi."

Kesho yake alikuwa posta ya Same, gauni la maua limelowa jasho mgongoni, ameishika simu kwa mikono miwili.

"Fanueli, jina langu liko wapi?"

"Jina gani, mpenzi?"

"Usinichezee shere! Nimeiona Ugweno."

"Kaana, siwezi kukueleza."

"Huwezi au hutaki?"

"Niliahidi."

"Ulimwahidi nani? Huyo mwanamke mwingine?"

Amiri, karani wa posta, aliacha kugonga mihuri. "Dada, muulize na watoto anao wangapi," akanong'ona.

Kaanaeli alikata simu. Jioni alipiga magoti. Hakumwomba Mungu amrudishe Fanueli. Aliomba aonyeshwe ukweli, hata kama ungemuumiza.

Jumamosi Fanueli alishuka kwenye lori Gonja, suti imegeuka rangi ya udongo.

"Uamuzi umetoka, sasa naruhusiwa kusema," alianza kabla hajaketi. "Anayepima makala haambiwi ni ya nani, asije akapendelea au kuonea. Na mwandishi haambiwi nani anaipima. Ndiyo ahadi yetu. Mhariri mkuu nilimweleza kuhusu sisi tangu mwanzo, akaniondoa katika uamuzi wake. Nikabaki tarishi tu. Mtu hapimi mahindi ya mchumba wake, Kaana. Na tungetangaza uchumba, ungeambiwa umepenya kwa mlango wa mapenzi."

"Imekubaliwa?"

"Imerudishwa. Mpimaji anauliza: mwandishi anasema maji ya ndiva hayafunguliwi kabla ya kutajwa waliochimba. Je, yeye haya yote kaambiwa na nani?"

Kaanaeli alihisi uso ukiwaka. Aliambiwa na Mzee Tumainieli, mlinzi wa ndiva, kiangazi kizima, akimpa na viazi vya kuchoma. Jina la mzee hakuliandika popote. Na ni yeye aliyekuwa akitafuta mwizi wa jina lake!

"Nisamehe," alisema, machozi yakimlengalenga. "Kisha unisindikize."

Walipanda hadi kwa mzee, wakamwamkia. Kaanaeli akaungama yote, akaomba ruhusa ya kumtaja. Tumainieli alimtazama Fanueli juu mpaka chini.

"Huyu ndiye uliyedhani mwizi? Na suti yote hii?" Akacheka, kisha akatulia. "Niandike, mjukuu wangu. Ila usiseme nilichimba mimi. Mimi nililinda tu."

Wakati wa kuteremka, Fanueli alimshika mkono penye utelezi.

"Basi makala ina majina mawili, lako na la babu. Langu je?"

"Lako halimo."

"Hata kwa chini?"

"Hata kwa chini. Lako lipeleke kwa mchungaji, mpenzi, litangazwe kanisani pamoja na langu."