Chupa Isiyo na Hewa

Chupa ile ilikuwa na hewa. Kipovu kama punje ya mtama, kimekaa shingoni chini ya kifuniko, na chupa ikiinama kinakimbilia upande wa pili. Wewe na mimi tusingejali. Mama Chupa alipokiona Jumapili asubuhi, akitafuta maziwa, alisimama na mlango wa friji wazi mpaka baridi ikamshika magoti.

Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake, si kwa sababu ya mtoto. Alikuwa mpimaji wa maji. Kule kilimani kuna mgodi, na mgodi una sheria: mvua ikipiga yale marundo ya mawe, maji yanayoteremka yaingie bwawani, yatulie, yapimwe, na lango la bwawa lisifunguliwe mpaka yajulikane kuwa salama, maana bondeni wako watu wanayanywa. Mchotaji alikuwa yeye. Chupa huizamisha, huigeuza, na huifunga ikiwa bado ndani ya maji, isibaki pumzi hata ya sisimizi. Alijivunia ufundi huo kuliko mapishi yake, na aliyewahi kula kwake hatabisha.

Jana yake, mvua ikimwagika, alikuwa amechota chini ya lango. Maji meupe, ya kupendeza macho, na samaki wameelea matumbo juu. Lango lilikuwa limefunguliwa. Maabara ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu, basi akarudi na chupa nyumbani, akaiweka ubavuni mwa maziwa. Na mlinzi wa zamu langoni alikuwa nani? Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Lango. Usiku ule walikula kila mtu akiangalia sahani yake.

Sasa akamuuliza, polepole, nani ameshika chupa yake. Lango akasema labda friji ilizima, labda kifuniko kimelegea, labda ni baridi. Labda zake zilikuwa nyingi mno kwa mtu asiyejua kitu.

Ndipo mama mkwe akaita kutoka chumbani. Bibi yule miguu ilikuwa imemkataa siku nyingi, lakini pua yake ilikuwa nzima kuliko ya paka. Akauliza nani amechemsha misumari.

Harufu ilitoka jikoni, ya chuma kilicholowa na yai viza. Bomba la sinki likakohoa. Likakohoa tena, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito, kisha likaanza kutoa maji. Mama Chupa akalifunga. Maji yakaendelea. Akakumbuka jambo lililomfanya aondoe mkono upesi: mtaa wote ulikuwa haujaona tone la maji ya bomba tangu Ijumaa.

Alikwenda kufungua mlango wa mbele. Mbao zilikuwa zimevimba, zimeng'ang'ania fremu kama kupe. Lango akaupiga bega, akaupiga teke, haukutikisika. Madirishani nondo. Nje mvua ilinyesha juu ya paa lao tu, na jirani yao mganga, aliyemsikia bibi akiita, alikuja na mwavuli, akasimama pale mvua ilipokomea, hakusogea zaidi.

"Ingia basi," bibi akamwambia.

"Mimi napunga majini, bibi. Sijasema naoga nayo."

Maji yalikuwa yamefika vifundoni, baridi, na yanawasha ngozi, yakapita chini ya pazia hadi chumbani kwa bibi, yakapanda miguu ya kitanda kama mtu anayepanda ngazi bila haraka, na kila Mama Chupa alipomwaga ndoo kupitia nondo ndoo mbili zilirudi kwa bomba, na ndani ya bomba, chini ya mlio wa maji, kikaanza kusikika kitu alichodhani ni masikio yake, kisha akadhani ni redio ya jirani, kisha akamwona mumewe amejibanza ukutani amefumba mdomo kwa mikono miwili, na sauti iliyokuwa ikitoka sinkini ilikuwa sauti ya mumewe.

"Kidogo tu," ilisema. "Mvua itaficha. Nani ataona."

Mganga akasikia mpaka kule nje. Akasema jini huyo hakuja kwao kwa kupenda. Mgodi ulichimba nyumba yake, bwawa likamfunga, lango likamwachia, chupa ikamfunga tena, na kuna mtu amemwachia tena humo ndani.

"Amechoka kusukumwa," alisema. "Anamtaka aliyefungua. Aseme mwenyewe, na amfunge kwa mkono uleule."

Maji yaligusa godoro. Bibi alimtazama mwanawe, akanong'ona, "Mwanangu, mimi siwezi kukimbia."

Lango akaanguka magotini majini. Alisema bosi alimpigia simu, bwawa limejaa, afungue kabla halijapasuka, na asipofungua asirudi kazini. Alisema aliamka alfajiri, akamwaga chupa ya mkewe sinkini, akajaza maji ya ndoo.

"Nilifungua mimi," alisema. "Lango na chupa. Mimi."

Bomba likanyamaza. Mkewe akampa chupa bila kumtazama. Lango akaizamisha, akaigeuza, akaifunga humohumo majini, na maji yote yaliyobaki yakawa maji tu, yakatoka kwa mlango uliofunguka wenyewe. Mama Chupa akainua chupa kwenye mwanga. Hakukuwa na kipovu. Kwa mara ya kwanza tangu jana akamwita, "Mume wangu."

Jumatatu walitoka pamoja, yeye maabara, Lango kwa wenye sheria kusema aliyoyasema magotini. Mtu wa maabara alikuwa mwepesi wa kazi. Alimwambia ni sumu tupu, ripoti itaandikwa leoleo, lango litatiwa kufuli na mgodi utasimamishwa. Mama Chupa akashusha pumzi. Kisha akaiona chupa yake mezani, tupu, imepinduliwa ikauke.

"Mabaki umeyaweka wapi?"

"Nimemwaga, mama," alisema, akielekeza kidevu kwenye sinki. "Kwani huwa tunayaweka wapi?"

Alipofika mtaani alikuta vigelegele. Maji yamerudi. Kila mwenye ndoo alikuwa foleni na ndoo yake, na kila bomba, kabla ya kutoa tone la kwanza, lilikuwa likikohoa.