Vidonge vya Mjomba Swabir

Kila asubuhi Mwanapili alikaanga vitumbua mbele ya nyumba yake, Msambweni. Na kila asubuhi mumewe, Mzee Swabir, alikichukua kitumbua cha kwanza kabla mteja hajafika.

"Hicho si chako," Mwanapili alisema.

"Naonja tu. Je, kama kina sumu? Heri nife mimi kuliko mteja," Swabir alijibu, kinywa kimejaa.

Mwanapili alicheka. Alikuwa amecheka hivyo kwa miaka mingi, tangu walipooana. Swabir alikuwa Mdigo wa upande wa Tanga, Tanzania. Alifanya kazi ya ufundi wa mitambo katika shamba la mkonge hadi akastaafu. Mwanapili yeye ni mzaliwa wa Msambweni. Mama yake alipofariki, alirithi nyumba hii na minazi yake. Basi wawili hao wakavuka mpaka, wakaja kupumzika Kenya.

Watu walipomwita Swabir mgeni, alikasirika kwa mzaha.

"Mgeni nani?" aliuliza. "Kule Wadigo, huku Wadigo. Dada yangu ameolewa hapa hapa. Mpaka waliuchora watu wengine, mimi sikuwapo."

Maneno hayo yalikuwa matamu, na watu waliyapenda. Lakini Swabir aliyaamini kupita kiasi. Alikaa Kenya kana kwamba hajahama. Fedha zake za pensheni ziliingia benki Tanga. Daktari wake alikuwa Tanga. Hata vidonge vyake vya presha alivifuata Tanga, kwa sababu kadi yake ya bima ilikubaliwa huko. Kila mwezi alipanda gari mpaka Lunga Lunga, akavuka mpaka, akapanda basi jingine. Alirudi amechoka, miguu imevimba, na mfukoni fedha zimepungua kwa nauli.

Mwaka huo kulikuwa na jambo kubwa nyumbani. Warda, binti wa dada yake Swabir, alikuwa amechumbiwa. Kwa Wadigo, harusi haisimami bila mjomba, kaka yake mama. Mjomba ndiye anayeulizwa kama amekubali. Swabir alikuwa akijizoeza kukaza uso mbele ya kioo.

"Nikionekana mpole, watasema mtoto wetu ni wa bei rahisi," alisema.

"Uso wako haukazi," Mwanapili alimtania. "Unafanana na mtu anayetafuta kupiga chafya."

Wiki chache kabla ya harusi, Swabir alikuwa kisimani akioga. Mwanapili alikuwa akipanga chumba. Akakiinua kijaluba cha mumewe, kile kisanduku kidogo cha bati anachowekea tambuu na popoo za kutafuna. Kikalia chakacha. Akakifungua.

Ndani hamkuwa na popoo. Mlikuwa na vidonge vyeupe, na kila kimoja kimekatwa nusu. Kando yake palikuwa na mkasi wa popoo, ncha zake zina unga mweupe.

Mwanapili akakaa kitandani. Alimkumbuka shemeji yake, kaka yake Swabir, aliyeanguka ghafla akapooza upande mmoja. Hakumaliza hata wiki.

Swabir aliporudi, alimkuta amekipakata kijaluba.

"Nini hiki, Swabir?"

Swabir alijaribu kucheka. Kicheko hakikutoka. "Navikadiria tu. Magoti yananiuma, safari ya Tanga nimeiruka mara mbili. Nikasema nikinywa nusu, vitafika hadi baada ya harusi."

"Na huku Msambweni hakuna dawa?"

"Zipo. Lakini dawa ya Tanga imezoea damu yangu. Ya huku sijui ni ya nani. Na mbona najisikia mzima tu?"

"Kaka yako naye alijisikia mzima!" Mwanapili alipaza sauti, na machozi yakamtoka. "Naogopa, Swabir. Unanisikia? Naogopa kubaki peke yangu."

Swabir alikichukua kijaluba, akakiweka chini. Alikaa karibu naye, akainamisha kichwa.

Kesho yake alfajiri, Rispah alikuja kununua vitumbua kama kawaida. Rispah ni muuguzi wa zahanati. Kwao ni Kinango, lakini amepanga chumba nyumba ya pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo vitumbua ni bure, ila unichukulie mzigo mmoja."

"Mzigo gani?"

"Huyu hapa," Mwanapili alisema, akamwonyesha mumewe kwa kijiko cha kukaangia.

Walikwenda zahanati wote watatu. Rispah alimkalisha Swabir kwanza ili apumzike kidogo. Kisha akamfunga kitambaa cha kipimo mkononi. Kipimo kilipotoa namba, Rispah hakutabasamu.

"Presha imepanda sana, mzee. Utaonwa na daktari sasa hivi."

"Lakini kichwa hakiniumi," Swabir alisema.

"Presha haipigi hodi. Inaweza kupanda nawe ukajiona mzima. Ndiyo maana dawa hunywewa kila siku, kama ulivyoandikiwa, hata siku unayojisikia vizuri. Usiikate, usiiruke, usiiache mpaka daktari aseme."

"Na hii nusu nusu?"

"Nusu yako ilikuwa inakudanganya. Ulidhani unakunywa dawa, kumbe presha inafanya itakavyo."

Mwanapili alitoa pakiti tupu ya vidonge vya Tanga. Rispah akamwonyesha Swabir maandishi madogo chini ya jina kubwa.

"Jina hili kubwa ni la kampuni. Linabadilika kutoka nchi hadi nchi. Hili dogo ndilo jina la dawa yenyewe. Hata huku tunayo, ndiyo hii hii. Ukihamia mahali, njoo na pakiti yako, nasi tutajua tuanzie wapi."

Swabir aliisoma pakiti, akaisoma tena. "Kumbe damu yangu haina habari na Tanga," alisema taratibu. Mwanapili alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Daktari alimpima, akamwandikia dawa, akamwambia apunguze chumvi na arudi wiki ijayo. Walipokuwa wakitoka, Rispah aliwashika mkono.

"Mama, nisikilize na wewe. Ukimwona mdomo umekwenda upande, au mkono mmoja hauna nguvu, au anasema maneno yasiyoeleweka, usingoje, usimkande. Mkimbize hospitali papo hapo. Na kuhusu bima, mzee, kadi yako ya kule usidhani itakulipia huku. Waulize. Wewe unaishi Kenya sasa. Mama ni raia, na ana bima yake ya afya. Nendeni mkaulize masharti ya kukuandikisha wewe mumewe, na karatasi zako za ukaazi ziwe sawa. Masharti hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisini, msiulize barazani."

"Mimi nikaombe ukaazi kwa shemeji zangu?" Swabir aliguna.

"Undugu ni wako, mzee, hakuna atakayekunyang'anya," Rispah alisema. "Lakini hospitali haipimi undugu."

Dawa ilikuwa imepatikana. Ikabaki pensheni. Kama fedha ziko Tanga na magoti hayasafiri, dawa ya mwezi ujao itanunuliwa na nini? Mwanapili alilijua jibu. Alamin, mchumba wa Warda, alikuwa karani wa benki Ukunda.

"Muulize Alamin," alimwambia mumewe.

Swabir aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mjomba amuulize bwana harusi habari za fedha? Kabla ya ndoa? Atasema mjomba mtu ana njaa! Nitamkazia uso vipi tena?"

"Basi usimuulize. Mimi si mjomba. Nitamuuliza mimi."

Jumamosi Alamin alikuja na Warda kuwajulia hali. Swabir alimwitikia salamu kwa sauti nzito, akaingia ndani, akakaa nyuma ya pazia la mlango. Mwanapili akatandika mkeka nje, akaleta chai.

"Mwanangu Alamin," alianza, "kuna mstaafu mmoja namjua. Pensheni yake inaingia nchi nyingine, naye anaishi hapa. Afanyeje?"

Warda alilitazama pazia, akaziba mdomo kwa leso.

Alamin alijibu kwa adabu, uso mkavu. "Kwanza mstaafu huyo aulize ofisi yake ya pensheni kama inaweza kumtumia fedha akaunti ya huku. Ikiwa haiwezi, ziingie benki ya kule, kisha azihamishe kwa njia ya benki au ya simu. Ila kabla ya kuhamisha aulize makato ni kiasi gani na fedha zinabadilishwa kwa bei gani. Alinganishe. Njia mbili hazilingani kamwe."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Mwanapili alimfahamu mumewe. Kikohozi kile kilikuwa swali.

"Na wale vijana wa mpakani wanaobadilisha fedha mkononi?" aliuliza.

"Mmoja mwaminifu, wa pili atampa noti bandia, na hana wa kumshitaki. Aende mahali penye leseni na apewe risiti."

Kikohozi kingine, kirefu zaidi.

"Na akishazipata, atazipangaje?"

"Dawa na bima kwanza, siku ile ile fedha zinapoingia. Kisha chakula. Kisha aweke kidogo cha dharura, kisiguswe hata kwa harusi." Alamin akajikwaa hapo, akaona haya. "Samahani, mama. Hata kwa harusi yangu."

Mwanapili akapenda sana jibu hilo. Akauliza la mwisho, jambo alilolishuku tu. "Na ikiwa mstaafu amempa dereva wa basi kadi yake ya benki na namba ya siri, amtolee fedha?"

Safari hii pazia halikukohoa.

"Ameshafanya hivyo?" Alamin aliuliza.

"Sijui. Nauliza tu," Mwanapili alisema kwa sauti kubwa. "Pazia, ameshafanya hivyo?"

Pazia likafunguka. Swabir alitoka, uso umemshuka. "Mara moja tu," alisema. "Miguu ilivimba. Dereva ni mtu mwema."

"Mjomba, shikamoo tena," Alamin alisema, akasimama. "Awe mwema vipi, namba ya siri haipewi mtu, hata mtu wa benki kama mimi. Fedha zikipotea, utakuwa umezitoa mwenyewe kisheria. Nikusindikize tukaibadilishe, ukipenda."

Swabir alimtazama kijana yule. Kisha akakaa mkekani, akajimiminia chai. "Kaa," alisema. "Hebu rudia ile ya makato. Kule nyuma nilikuwa sisikii vizuri."

Warda akaangua kicheko, na Swabir mwenyewe akacheka mpaka chai ikamwagika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda hatua kwa hatua. Swabir na mkewe walipanda gari hadi Kwale kuuliza habari za ukaazi na bima. Walielekezwa, wakarudishwa kufuata picha na cheti cha ndoa, wakaenda tena. Hakuna aliyewafukuza. Swabir alikwenda Tanga mara moja tu, kubadilisha namba ya siri na kupanga na benki yake. Mwezi uliofuata fedha zilimfikia akiwa amekaa barazani na sahani ya vitumbua. Kabla ya kununua hata kiberiti, alitenga ya dawa. Na kila wiki alikwenda zahanati kwa miguu, na presha ikaanza kushuka. Siku Rispah alipotabasamu kwenye kipimo, Mwanapili alimkumbatia mpaka kofia ya uuguzi ikaanguka.

Harusi ikafika. Ua ulijaa watu, sufuria za pilau zikafuka moshi. Mjomba akaulizwa mbele ya wote, "Umekubali?" Swabir akakaza uso. Akanyamaza sana, mpaka wakwe wakaanza kutazamana.

"Nimekubali," alisema hatimaye. "Kijana huyu nilimsikiliza akiwa hanioni, na alisema yale yale aliyoyasema akiniona."

Vigelegele vikapaa. Ngoma ya sengenya ikaanza, na Swabir akaingia uwanjani, magoti na yote. Mwanapili alisimama kando akimtazama. Mtu wake alikuwa hai, anacheza, jasho linamtoka, na hapakuwa na kitu kingine alichokitaka duniani.

Saa yake ya dawa ilipofika, Swabir alitoka uwanjani, akaomba maji. Akakaa katikati ya wazee wa upande wa bwana harusi, akatoa kidonge kizima.

"Weee," Mwanapili alimnong'oneza, "wakwe watasema mjomba ni mgonjwa."

"Waseme. Nina presha, na hivi ndivyo ninavyojitunza," Swabir alijibu kwa sauti ya kawaida. Akameza kidonge mbele ya wote.

Kisha baba yake Alamin, mtu mzito mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akasogeza kiti chake. Akaangalia kushoto na kulia.

"Mkwe," alisema kwa sauti ya chini, "hata mimi ninayo. Mwaka wa pili sijapimwa. Kliniki yenu ni siku gani?"

"Jumatano," Swabir alisema. "Njoo mapema unywe chai kwangu. Tutakwenda pamoja."

Mwanapili akapiga kigelegele peke yake, kirefu, na wanawake wote wakageuka kumtazama, wasijue bibi harusi amefanya nini tena.