Soli ya Mguu wa Kushoto

"Fundi, niokoe! Dakika tano tu, abiria watanila mzima mzima!"

Ndivyo karani wa tiketi alivyomwingia moyoni fundi viatu, saa sita mchana, stendi ikiwa imefurika watu na honi. Gauni la kijani, vifungo vyeupe, kiatu kimoja mkononi, mkanda umekatika.

"Wakikula, mimi nitabaki na nani?" fundi akajibu, sindano tayari mkononi.

"Tumeonana sasa hivi tu, ushaanza!"

Akacheka, akavaa, akaondoka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, na kila hatua bega liliinama kisha likapanda, kama anayesikiliza ngoma yake peke yake. Fundi akajichoma sindano.

Miezi mitatu simu hazikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nashiba nikisikia sauti yako."

"Basi leo utalala njaa, nakata!"

Harusi ya dada yake ilipokaribia, karani akamwachia fundi viatu vyekundu abadilishe visigino. Fundi akabadilisha. Kisha, kwa siri, akaongeza soli nene chini ya kile cha kushoto.

Karani akavijaribu palepale benchini. Hatua moja, mbili. Bega likatulia. Fundi akapiga makofi.

"Umeona? Hakuna atakayejua!"

"Atakayejua nini?"

Makofi yakakwama hewani.

"Baada ya ajali nililala miezi minane," karani akasema. "Nikajifunza kutembea upya kama mtoto. Mwendo huu nimeutolea jasho, nawe unataka kuuficha?"

Akavivua, akavaa ndala zake, akaenda.

Fundi alipiga simu mara saba. Ya nane akapokea dada mtu.

"Shemeji, anasema simu yake imekufa."

"Mbona wewe umepokea?"

"Hata mimi nashangaa!" Kisha akashusha sauti. "Njoo mwenyewe. Na uje na la kweli."

La kweli fundi alilijua. Mafundi wenzake walimcheka kwa kumpenda "yule anayechechemea", naye akacheka nao. Akaibandua ile soli. Ngozi ikabaki na mchaniko ambao angeweza kuufunika kwa rangi. Hakuufunika. Akaushona kwa uzi wa njano, wazi wazi, kila mtu auone.

Kesho yake akapanga foleni dirishani.

"Unakwenda wapi?" karani akauliza bila kuinua macho.

"Nimekuja kuomba radhi." Akapenyeza viatu. "Wenzangu walikucheka, nami nikacheka. Soli ile niliiweka kwa woga wangu, si kwa ajili yako. Nisamehe."

Mama mmoja nyuma yake akapaza sauti: "Binti, msamehe au mfukuze, lakini nikatie tiketi!"

Karani akapitisha kidole juu ya ule mshono. Kicheko na machozi vikamtoka pamoja.

"Natoka saa kumi. Tutapita mbele ya benchi lenu."

Wakapita, wameshikana mikono, viatu vyekundu miguuni, bega la karani likigonga la fundi kila hatua.

"Nyie mmelewa?" fundi mmoja akapiga mluzi.

"Nimelewa, ndiyo! Na huyu nataka kumuoa!"

"Usiwaambie wao," karani akamvuta shati. "Niulize mimi."

Akamuuliza palepale, katikati ya stendi, honi zikilia pande zote.

"Nimekubali! Nimekubali! Sasa songa, mpenzi, basi litatukanyaga!"